Mwongozo Kamili wa Kupata Tiketi za NHL kwa Bei Nafuu kutoka kwa Wanaoziuza Tena

Ligi ya NHL, ligi kubwa kuliko zote za hoki ya barafu, ina timu 32, kati yake 25 zikiwa Marekani na 7 Kanada. Kwa miaka mingi kila timu imekuwa ikicheza mechi 82 kwa msimu, 41 kati ya hizo nyumbani, na makubaliano ya mwaka 2025 baina ya ligi na chama cha wachezaji yanaongeza idadi hiyo hadi 84 kuanzia msimu wa 2026–27. Wingi huo wa mechi ndio uliozaa soko la tiketi zinazouzwa tena. Mtu aliyenunua tiketi za msimu mzima anatakiwa afike uwanjani zaidi ya mara arobaini kati ya Oktoba na Aprili, mara nyingi jioni za siku za kazi katika miezi ya theluji, na wanaoweza kufanya hivyo ni wachache mno. Mtoto anaugua, zamu ya kazi inabadilika, barabara inaharibika kwa barafu, na viti viwili vilivyokwisha kulipiwa vinabaki bila mtu. Mwenyewe anaviweka sokoni ili apate angalau sehemu ya fedha zake. Pamoja naye wamo walanguzi ambao hununua tiketi kwa mamia wakitarajia kupata faida, na ambao wakati mwingine hukosea hesabu na kulazimika kuziuza kwa hasara.

Anayetaka unafuu anapaswa kuwaelewa wauzaji hawa wawili kabla ya kufungua tovuti yoyote, maana wa kwanza anakimbia hasara na wa pili anakimbilia faida. Wengi hutumia saa nyingi wakilinganisha tovuti tano kwa mechi ile ile, kisha wakaokoa dola chache. Tofauti kubwa ya bei hutokana na mechi uliyoichagua na saa uliyonunua. Tovuti huja baada ya hayo mawili, na mwongozo huu umepangwa kwa kufuata mtiririko huo. Pale panapohitajika mfano nitautumia mji wa Columbus, Ohio, ambako familia zinazozungumza Kiswahili si chache, na ambako timu ya Columbus Blue Jackets imekuwa ikicheza katika uwanja wa Nationwide Arena tangu ilipoingia ligini mwaka 2000.

Hatua ya kwanza: chagua mechi

Pata ratiba ya msimu ya timu iliyo karibu nawe, kisha anza kuondoa mechi za ghali. Mechi ya kwanza ya msimu nyumbani huwa ghali. Mechi za Jumamosi jioni ni ghali kuliko za Jumatatu au Jumanne, kwa kuwa wazazi hawana wasiwasi wa watoto kuamka mapema kwenda shule. Siku zilizo kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ndizo zinazowadanganya wageni wengi: ligi hupumzika tarehe 24 hadi 26 Desemba, na mechi zinaporejea, shule zimefungwa, jamaa wamekuja kutembea, na kila mtu anatafuta pa kuwapeleka. Ondoa pia usiku ambao timu hugawa kofia au sanamu ndogo ya mchezaji mlangoni, kwa sababu wapo wanaokuja kwa ajili ya zawadi hiyo tu.

Jambo la pili ni mpinzani. Timu sita kongwe, yaani Boston, Chicago, Detroit, Montreal, New York Rangers na Toronto, zina mashabiki waliotapakaa Amerika Kaskazini nzima, nao husafiri. Detroit ikija Columbus, magari hushuka kutoka Michigan kwa mamia. Buffalo ndiko hali hii inakoonekana wazi zaidi: tiketi za Toronto Maple Leafs nyumbani kwao ni miongoni mwa zilizo ghali kabisa ligini, kwa hiyo mashabiki wao huvuka mpaka kwenda kuiona timu yao katika uwanja wa Buffalo Sabres, na siku hiyo bei ya Buffalo hupanda hata kama Sabres wenyewe wamekuwa wakifungwa mfululizo. Mchezaji mmoja naye aweza kubadilisha bei ya jioni nzima. Ujio wa Connor McDavid wa Edmonton au Sidney Crosby wa Pittsburgh hujaza viwanja, na Alex Ovechkin wa Washington, aliyevunja rekodi ya mabao ya Wayne Gretzky tarehe 6 Aprili 2025 kwa kufunga bao lake la 895, amekuwa akiwavuta watu wa kila umri waliotaka kusema kwamba walimwona kwa macho yao.

Baada ya kuondoa hayo yote, zitabaki mechi za katikati ya wiki dhidi ya timu ya mbali isiyo na mashabiki wengi mjini kwenu. Hizo ndizo za kwako. Nyingine ni zile za Oktoba na Novemba, wakati macho ya Wamarekani bado yako kwenye kandanda yao. Columbus ni mfano mzuri: Jumamosi ambayo chuo kikuu cha Ohio State kinacheza nyumbani, watu zaidi ya laki moja hukusanyika katika uwanja wake, na wengine wote wako mbele ya televisheni. Mnunuzi wa tiketi za hoki hana budi kuitazama kalenda hiyo kama anavyoitazama ratiba ya NHL. Vilevile, timu ambayo kufikia Machi haina tena matumaini ya kuingia hatua ya mtoano hushuka bei haraka. Kinyume chake, timu inayogombea nafasi ya mwisho ya kufuzu huweza kupandisha tiketi ya Jumanne ya Machi ikazidi ile ya Jumamosi ya Novemba, kwa hiyo usidhani kwamba mwisho wa msimu huwa rahisi siku zote.

Mechi za maandalizi za Septemba ndizo za bei ya chini kabisa. Wachezaji mashuhuri hupumzishwa na vijana wanaotafuta nafasi ndio hucheza, lakini kwa mtoto ambaye hajawahi kuiona barafu hiyo, tofauti haionekani.

Hatua ya pili: ijue bei rasmi

Ni kosa kudhani kwamba tiketi inayouzwa tena ni rahisi kuliko ile ya timu, au kwamba ni ghali kuliko hiyo. Huweza kuwa hivi au vile, na hujui mpaka uangalie. Ingia katika tovuti ya timu yenyewe kwa kuandika anwani yake, au kupitia tovuti ya ligi, wala usiitafute kwa kuandika jina la uwanja katika injini ya utafutaji. Matokeo ya mwanzo ya utafutaji wa namna hiyo mara nyingi ni matangazo ya kulipiwa ya wauzaji wa pili, ambao hubuni kurasa zenye jina la uwanja na picha yake hata mgeni akaamini kwamba amefika kwenye dirisha la tiketi la uwanja. Tiketi zao huenda zikawa halali, ila ada zao huwa nzito kuliko kawaida.

Timu nyingi za NHL huuza kupitia Ticketmaster, na hapo ramani ya uwanja huonyesha kwa pamoja tiketi za timu na zile zinazouzwa tena na wenye nazo, zikitofautishwa kwa rangi na kwa maelezo ya kila kiti. Tumia kichujio kuondoa zile za kuuzwa tena, uandike bei ya chini ya timu kwa sehemu unayoitaka pamoja na ada, kisha urudishe kichujio na ulinganishe. Kumbuka kwamba timu nazo hubadilisha bei zao kulingana na mahitaji, kwa hiyo bei uliyoiona Oktoba kwa mechi ya Januari haina mkataba nawe.

Dirisha la tiketi uwanjani nalo si la kupuuzwa. Mara nyingi mtu anayenunua hapo hapo huepuka sehemu kubwa ya ada za mtandaoni. Ukiwa unafanya kazi katikati ya mji, piga simu uulize saa za kufungua na kama ada ya mtandaoni inatozwa dirishani.

Kabla ya kwenda mbali zaidi, uliza kazini. Hili nimeliweka katikati ya hatua kwa kuwa halina maelezo mengi, lakini kwa maoni yangu linashinda tovuti zote. Karibu kila kiwanda, hospitali au ofisi katika mji wenye timu ina mtu mwenye tiketi za msimu, au mtu anayechangia tiketi hizo na wenzake watatu. Mtu huyo anapouza mtandaoni hukatwa asilimia fulani ya mauzo yake, na mnunuzi naye huongezewa ada juu. Mkiuziana ninyi wawili, yeye anaweza kupata alichokilipa na wewe ukalipa pungufu ya bei ya mtandaoni, kisha akakuhamishia tiketi kwenye simu bila gharama. Mwambie mapema, mwanzoni mwa msimu, kwamba uko tayari kuchukua mechi zake za Jumanne asizozitaka. Ukishalipa kwa wakati mara moja mbili, utakuwa mtu wa kwanza anayepigiwa simu.

Hatua ya tatu: linganisha jumla, usilinganishe bei ya tangazo

Masoko makubwa ya tiketi za kuuzwa tena ni StubHub, SeatGeek, Vivid Seats, TickPick, Gametime, na sehemu ya kuuziana ya Ticketmaster yenyewe. Muuzaji mmoja huweza kuweka viti vile vile katika masoko kadhaa kwa wakati mmoja, na hapo ndipo kulinganisha kunapokuwa na maana: tafuta sehemu ile ile, safu ile ile na idadi ile ile ya viti, kisha utazame kiasi cha mwisho cha kulipa.

Zamani hili lilikuwa gumu kwa sababu ada zilifichwa hadi ukurasa wa mwisho. Tiketi iliyotangazwa kwa dola 40 ingeweza kufikia dola 54 ulipokuwa umekwisha kuingiza namba ya kadi. Nchini Marekani kanuni ya Tume ya Biashara ya serikali kuu, iliyoanza kutumika tarehe 12 Mei 2025, inawataka wauzaji wa tiketi za burudani na michezo waonyeshe tangu mwanzo bei iliyojumlisha ada zote za lazima. Kanada ina katazo kama hilo katika sheria yake ya ushindani, ambayo marekebisho ya mwaka 2022 yalilitaja kwa uwazi. Hata hivyo, fika hadi ukurasa wa malipo kabla ya kuamua, na uangalie mambo mawili madogo. La kwanza ni sarafu: anayeishi Winnipeg au Ottawa ahakikishe kama bei ni ya dola za Kanada au za Marekani, kwa kuwa tofauti hiyo pekee humeza unafuu wote. La pili ni nyongeza zisizo za lazima, hasa bima ya tiketi, ambayo wakati mwingine huwekwa mahali pa kubonyezwa kwa bahati mbaya. Kwa tiketi ya bei ya chini, bima hiyo haifai kununuliwa, kwa maana ukishindwa kwenda unaweza kuiuza tena.

Kuhusu tabia za masoko haya, TickPick imejijengea jina kwa kutomwongezea mnunuzi ada ya huduma juu ya bei inayoonekana. SeatGeek huipa kila tiketi alama ya thamani kwa kulinganisha bei na ubora wa kiti, jambo linalomsaidia asiyeujua uwanja. Gametime imejikita katika mauzo ya dakika za mwisho, hata baada ya mchezo kuanza. Kanuni niliyoizoea ni kuangalia masoko matatu tu, yaani lile la timu na mengine mawili, kwa sababu baada ya hapo unachokiokoa hakilipi muda wako.

Hatua ya nne: chagua kiti kwa akili

Uwanja wa NHL una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, yaani takriban mita 61 kwa 26. Ni mkubwa kuliko ile barafu ya hoteli ya Panari jijini Nairobi ambako Ice Lions wa Kenya wamejifunzia mchezo huu, na mchezo wake ni wa kasi kiasi kwamba asiyeuzoea hukipoteza kile kisahani cheusi cha mpira kila baada ya sekunde chache. Kwa sababu hiyo siungi mkono imani kwamba kiti cha chini ndicho bora. Aliyekaa safu ya kwanza kwenye kioo husikia miili ikigongana, lakini mchezo ukihamia upande wa pili anaishia kutazama migongo na skrini ya juu. Safu za mwanzo za ghorofa ya juu, kuelekea katikati, zinakuonyesha uwanja wote na jinsi mashambulizi yanavyojengwa, na mara nyingi bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kioo.

Ukitaka kukaa chini bila kulipa sana, tazama pembe za uwanja na nyuma ya magoli. Viti vya nyuma ya magoli hutazama mchezo kupitia wavu. Wavu huo ulilazimishwa na ligi katika viwanja vyote kuanzia msimu wa 2002–03, baada ya msichana wa miaka 13 kufariki Machi 2002 kutokana na kisahani kilichomgonga kichwani akiwa mtazamaji huko huko Nationwide Arena. Macho huuzoea wavu baada ya dakika chache, na usalama wake kwa mwenye watoto ni sababu nyingine ya kuupenda.

Kati ya magoli hayo mawili, moja ni bora kwa shabiki wa nyumbani. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na timu hubadilishana pande kila kipindi. Katika viwanja ambavyo mabenchi yote mawili yako upande mmoja, timu ya nyumbani huanza kwa kulinda goli lililo karibu na benchi lake, hivyo hushambulia upande wa benchi la wageni katika kipindi cha kwanza na cha tatu. Tafuta kwenye ramani benchi la wageni lilipo, kisha ununue upande huo. Utaona timu yako ikishambulia mbele yako vipindi viwili badala ya kimoja, na wauzaji wengi hawatozi tofauti yoyote kwa jambo hilo.

Soma maelezo ya tangazo neno kwa neno. Kiti chenye onyo la kuzibwa mwono kinaweza kuwa nyuma ya nguzo, chini ya dari la ghorofa ya juu, au pembeni mwa skrini. Masoko kadhaa huonyesha picha ya mwono kutoka sehemu husika, nayo itazame. Matangazo yanayotaja eneo tu bila safu ni ya kukwepwa, maana muuzaji aweza kukupa safu ya nyuma kabisa ya eneo hilo.

Idadi yenu pia ina bei yake. Viti vya mtu mmoja mmoja huwa rahisi kwa sababu hakuna anayevitaka, na aendaye peke yake anaweza kupata nafasi ya chini kwa bei ya ghorofa ya juu. Wauzaji wa viti vinne hukataa kuuza vitatu ili wasibakiwe na kimoja. Mkiwa watatu, jaribuni kununua viwili pamoja na kimoja safu ya jirani, na mapumziko mawili kati ya vipindi yatawatosha kukutana. Familia ya watu watano au zaidi inayotaka kukaa pamoja isisubiri dakika za mwisho. Kwa idadi hiyo viti vinavyofuatana hutoweka mapema, na huenda idara ya mauzo ya vikundi ya timu ikawa na bei nzuri kuliko soko lote la tiketi za kuuzwa tena. Uliza pia umri wa mtoto anayeruhusiwa kuingia bila tiketi, kwa kuwa kila timu ina utaratibu wake.

Hatua ya tano: saa ya kununua

Tiketi isiyouzwa mpaka mchezo unaanza haina thamani tena, na muuzaji analijua hilo kama mchuuzi wa samaki anavyolijua jua linalozama. Kwa mechi za kawaida, zile za katikati ya wiki ulizochagua katika hatua ya kwanza, bei huelekea kushuka siku mbili za mwisho na zaidi siku yenyewe, hasa saa chache kabla ya kuanza. Mwenye tiketi za msimu aliyeamua saa nne asubuhi kwamba hatoki leo, huweka bei ya kuuza haraka, kisha huishusha mchana, kisha huishusha tena jioni.

Anza kufuatilia mapema hata kama hutanunua mapema. Juma moja kabla, weka alama kwenye mechi katika programu mbili, washa arifa za kushuka kwa bei, na uandike bei ya chini ya sehemu unayoitaka. Jiwekee kiwango, kwa mfano dola 35 kwa kila mtu ada zikiwemo. Bei ikifika hapo, nunua na uache kutazama, kwa sababu anayeendelea kutazama baada ya kununua hujiumiza bure. Hesabu pia tiketi zilizobaki: kama idadi yake ni kubwa na haipungui siku hadi siku, subira italipa, kama inapungua haraka huku bei ya chini ikipanda, mahitaji yamezidi, na kungoja ni kamari.

Kuna mechi ambazo hazipaswi kungojewa. Mpinzani mkubwa, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, au mechi inayoamua nafasi ya mtoano huweza kupanda hadi saa ya mwisho. Anayesafiri kutoka mji mwingine naye asicheze na muda, kwa sababu nauli na hoteli atakuwa amekwisha kulipia, na hatakuwa na nguvu ya kusema hapana. Nguvu ya mnunuzi wa dakika za mwisho iko katika kuweza kubaki nyumbani.

Ukiishi karibu na uwanja na huna haraka, mechi inayoanza saa 1 usiku yaweza kununuliwa saa 12:45, ukiwa umesimama kwenye mkahawa wa jirani. Dakika kumi za kwanza ukizikosa, mchezo wenyewe huchukua takriban saa mbili na nusu pamoja na mapumziko.

Hatua ya sita: jilinde na utapeli

Hapa sitaki mtu aende haraka. Tiketi za NHL siku hizi ziko kwenye simu, na nyingi hutumia msimbo unaobadilika wenyewe kila baada ya sekunde chache, teknolojia ambayo Ticketmaster ilianza kuitumia mwaka 2019. Maana yake ni kwamba picha ya skrini ya tiketi haifungui mlango. Mtu yeyote anayekuuzia kwa kukutumia picha kwa WhatsApp, awe nje ya uwanja au kwenye kundi la mtandao wa kijamii, ama hajui anachokiuza ama anajua sana. Karatasi iliyochapishwa ni vivyo hivyo.

Njia pekee inayokubalika ni tiketi kuhamishwa kutoka akaunti ya muuzaji hadi akaunti yako katika programu rasmi ya timu. Uhamisho ukikamilika na ukakubaliwa nawe, tiketi huondoka kwake. Hata hivyo, uhamisho peke yake si kinga kamili: tiketi iliyonunuliwa kwa kadi ya wizi inaweza kuhamishwa vizuri kabisa kisha ikafutwa saa chache baadaye benki inapogundua. Ndiyo sababu hupaswi kununua kwa mtu usiyemfahamu nje ya masoko yenye dhamana, hata kama bei yake inavutia. Masoko makubwa huahidi kukupa tiketi mbadala au kukurudishia fedha ikiwa tiketi haikufika au haikukubaliwa mlangoni, na ada unayolipa ni, kwa sehemu, bei ya ahadi hiyo.

Lipa kwa kadi ya mkopo kila inapowezekana, kwa kuwa benki iliyotoa kadi inaweza kuyapinga malipo kwa niaba yako. Fedha ulizotuma kwa Zelle (huduma ya kutumiana fedha kupitia benki za Marekani), fedha taslimu na kadi za zawadi hazirudi. PayPal ina namna mbili za kutuma, na ile ya kuwatumia marafiki na jamaa haina ulinzi wa mnunuzi. Muuzaji anayesisitiza utumie hiyo amekwisha kujieleza.

Angalia vilevile kama tangazo linasema tiketi zitafika papo hapo au kabla ya tarehe fulani. Wapo wauzaji wanaotangaza viti ambavyo bado hawana, wakitegemea kuvinunua baadaye kwa bei ya chini, na bei isiposhuka wanavunja makubaliano ikiwa imebaki siku moja. Utarudishiwa fedha zako, lakini mechi imekupita. Tofauti ya dola mbili tatu kwa ajili ya tiketi za papo hapo inafaa kulipwa.

Hatua ya saba: siku ya mechi

Pokea uhamisho mara barua pepe inapofika, ukitumia anwani ile ile uliyonunulia, kwa kuwa akaunti mbili zenye anwani tofauti ndizo zinazowachelewesha wengi mlangoni. Hifadhi tiketi katika pochi ya simu ungali nyumbani penye intaneti nzuri. Watu elfu kumi na nane wakikusanyika mahali pamoja, mtandao huzorota. Chaji simu. Kama kundi lenu litafika kwa nyakati tofauti, hamishia kila mtu tiketi yake badala ya kubaki nazo zote na kungojana kwenye baridi.

Gharama nyingine huweza kuuzidi unafuu ulioutafuta kwa wiki nzima. Maegesho ya karibu na uwanja hupanda bei siku za mechi, hivyo fikiria basi au kuegesha umbali wa kutembea dakika kumi na tano. Soma kanuni za mikoba, maana viwanja vingi huruhusu midogo tu, na kuhifadhi mkoba nje hulipiwa. Kuleni kabla ya kwenda.

Mechi ikiahirishwa kwa sababu ya dhoruba ya theluji, tiketi yako kwa kawaida hubaki halali kwa tarehe mpya wala hurudishiwi fedha. Ikifutwa kabisa ndipo fedha hurudi. Kwa mtu wa zamu zisizotabirika tofauti hiyo ni kubwa, naye akumbuke kwamba anaweza kuiuza tiketi ya tarehe mpya.

Mtoano na ligi nyingine

Hatua ya mtoano, kuanzia Aprili hadi Juni, ina hesabu zake. Kila duru ni ya mechi zisizozidi saba, na anayeshinda nne huendelea, kwa hiyo mechi ya tano, ya sita na ya saba huenda zisichezwe. Tiketi zake huuzwa hata hivyo, na zisipochezwa hurudishiwa fedha. Mechi mbili za mwanzo za duru ya kwanza ndizo zenye bei inayokaribia kuvumilika. Zaidi ya hapo, aliye na bajeti ndogo atazame nyumbani.

Kwa familia inayotaka hoki bila kujali jina la ligi, ligi ya AHL ndiko wanakokomazwa vijana wa NHL, na ina timu 32 katika miji kama Cleveland, Rochester na Syracuse. Huko kiti kizuri cha chini mara nyingi hugharimu kiasi ambacho NHL hutoza ghorofa ya juu. Ligi ya wanawake, PWHL, iliyocheza mechi yake ya kwanza tarehe 1 Januari 2024 mjini Toronto, nayo ina bei zinazobebeka, ingawa mahitaji yake yamekuwa yakikua.

Ukishindwa kwenda

Usingoje jioni ya mechi ndipo uuze tiketi zako, kwa sababu utakuwa umesimama upande ule ule wa wauzaji uliowategea wewe mwenyewe. Ziweke sokoni mara unapojua kwamba hutaweza, kwa bei iliyo chini kidogo ya tiketi rahisi kuliko zote katika sehemu hiyo, ukikumbuka kwamba soko litakata sehemu yake kabla ya kukulipa, na kwamba baadhi ya masoko hulipa baada ya mechi kuchezwa. Ruhusu mnunuzi achague idadi ya viti ikiwa unavyo vinne. Ikifika saa moja kabla ya mchezo na hazijanunuliwa, ziondoe sokoni kwanza, uhakikishe tangazo limefutwa kabisa, ndipo umhamishie jirani au mwenzako wa kazini. Ukitangulia kuzigawa tangazo likiwa bado wazi na mtu akanunua, soko litakutoza wewe gharama ya tiketi mbadala.